Mawazo ya juma: Mshale wa kwanza na mshale wa pili

 

Juma hili tunataka kuzungumza juu ya jambo linalotuchosha kuliko jembe. Jambo hilo ni kutojua. Mtu akilima anachoka, lakini akilala anaamka na nguvu. Kutojua hakulali. Je, kesho barabara itakuwa salama? Je, baba aliyekwenda kuvuna kakao atarudi jioni? Je, tupande maharagi msimu huu, na kama tukipanda, nani atayavuna? Je, watoto waende masomo ama wakae nyumbani? Je, pesa za likelemba zitafika zamu yetu kabla hatujakimbia? Mama anayejiuliza hayo usiku kucha anaamka akiwa amechoka kabla hajawasha mbabula. Kisha mtoto anamwaga chai kidogo tu, na mkono unaruka.

Sisi walimu tunaona matunda ya usiku kama huo darasani. Mtoto aliyepigwa asubuhi kwa sababu ya chai hasikii somo la hesabu. Anatazama dirisha. Pikipiki ikipita na kutoa mlio mkali, darasa lote linaruka. Tulipokuwa tunasomea ualimu katika ISP tulifundishwa saikolojia ya mtoto, na kitu kimoja kilibaki: mtoto mdogo hasomi hali ya nchi, anasoma uso wa mama yake. Kwa hiyo uso wa mama ni jambo kubwa, na inafaa tuuzungumzie.

Mwalimu wa zamani na dawa ya mbali

Kuna mwalimu wa zamani sana aliyefikiri sana juu ya mateso ya watu. Jina lake Siddhartha Gautama. Alizaliwa Lumbini, mahali ambapo leo ni nchi ya Nepal, miaka mamia kabla ya Yesu kuzaliwa. Wafuasi wake wanamwita Buddha, maana yake aliyeamka. Mafundisho yake yameenea sehemu nyingi za Asia, na hata hapa jirani yetu yamefika. Ng'ambo ya mpaka wa Kasindi, huko Uganda karibu na Entebbe, kuna kituo cha Wabudha kilichoanzishwa mwaka 2005 na mtawa Mganda kwa kuzaliwa, Bhante Buddharakkhita.

Wengine mtauliza: sisi ni Wakatoliki, ni wa CBCA, ni Waadventista, ni Waislamu, tunatafuta nini kwa Buddha? Swali ni zuri. Hatumwombi mama yeyote abadili kanisa lake wala sala zake. Tuutazame mti wa kinkina. Mti huo ulitoka Amerika ya Kusini, na maganda yake ndiyo yanayotoa dawa ya kinini. Leo unaota kwenye milima yetu, na jamaa nyingi za Lubero na Butembo zinauza maganda yake. Hakuna mama aliyekataa kumpa mtoto kinini kwa sababu babu zetu hawakuupanda mti huo. Tunauliza tu: je, inaponya homa? Na mafundisho haya tuyapime hivyo hivyo.

Mishale miwili

Buddha alitumia mfano wa mishale. Alisema hivi, kwa maneno yetu: mtu akipigwa mshale anaumia. Hakuna mtu wa mwili asiyeumia. Lakini mara nyingi, baada ya mshale huo, anapigwa na wa pili mahali pale pale. Mshale wa pili unatoka moyoni mwake mwenyewe: hofu anayoongeza, hasira, lawama, kujihukumu. Mwenye hekima anapigwa mshale wa kwanza kama watu wote. Anachojifunza ni kutojipiga wa pili.

Tuangalie vizuri maneno hayo, maana ni rahisi kuyaelewa vibaya. Hayasemi kwamba mshale wa kwanza hauumi. Hayasemi tucheke wakati nyumba inaungua. Mtu wa Eringeti ama wa Mbau ambaye amezika ndugu zake tangu mwaka 2014 hahitaji mtu wa kumwambia kwamba uchungu wake ni mawazo tu. Mshale wa kwanza ni mshale kweli, una chuma na una damu.

Lakini sisi wamama tunaijua pia mishale ya pili. Tutaje michache.

Wa kwanza ni kujihukumu. Mjane anasema: ningemkataza asiende shambani siku ile. Mama aliyekimbia usiku anasema: ningembeba mama mkwe, kwa nini nilishika watoto tu? Anarudia maneno hayo mwaka mzima. Alikuwa na mikono miwili, na watoto walikuwa wawili. Mauti yaliletwa na wenye mapanga na bunduki, hayakuletwa na mikono yake. Lakini moyo unampelekea mshale huo kila usiku, na yeye anaupokea.

Wa pili ni lawama kwa jirani. Bei ya unga inapanda, nasi tunasema: ni hawa deplase, wamejaa kartie yetu, wamemaliza chakula. Tunasahau kwamba mwezi wa sita mwaka 2024, vita vilipofika Kanyabayonga, jamaa zile zilikuwa na mashamba yao, mbuzi wao na milango yao kama sisi. Jirani hakuturushia mshale. Yeye mwenyewe bado ana mshale wa kwanza mwilini.

Wa tatu ni mkono juu ya mtoto. Tumeshausema, hatuurudii.

Wa nne ni habari zisizo na mwenyewe, nao ndio unaotutisha zaidi sisi walimu. Ujumbe unaingia kwenye simu: wameshafika mahali fulani, kimbieni. Hakuna jina la aliyeona, hakuna saa. Mama mmoja anausoma kwa sauti sokoni, na baada ya dakika kumi wamama mamia wako mbele ya mlango wa shule, kila mmoja akiita mtoto wake. Watoto wanasukumana mlangoni, wadogo wanaanguka, wengine wanatoka na mtu asiye wao. Jioni tunajua kwamba hakukuwa na kitu. Siku ile adui hakuhitaji kufika. Tulijipiga wenyewe.

Tulichokiona wakati wa Ebola

Wapendwa, jambo hili tumeshalipitia wote. Ugonjwa wa Ebola ulitangazwa kwetu tarehe 1 mwezi wa nane mwaka 2018, ukianzia upande wa Mangina. Ukafika Beni, kisha Butembo na Katwa. Ulitangazwa kwamba umeisha tarehe 25 mwezi wa sita mwaka 2020. Kati ya siku hizo mbili watu 3.470 walihesabiwa kuwa wameupata, na 2.287 walikufa. Sehemu kubwa walikuwa wanawake na watoto, kwa sababu ni mwanamke anayemwosha mgonjwa, anayemfuta matapishi, anayelala kando yake.

Huo ulikuwa mshale wa kwanza. Na wa pili ulikuja haraka. Watu walisema ugonjwa haupo, ni biashara. Mwezi wa pili mwaka 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa, vikachomwa. Mwezi wa nne mwaka ule ule, Daktari Richard Mouzoko, mtu wa Kamerun aliyetumwa na shirika la afya la ulimwengu, aliuawa hapa Butembo akiwa kazini. Na wale waliopona walirudi nyumbani, wakakuta jirani hawataki kuchota maji nao.

Hatusemi kwamba watu wetu walikuwa wajinga. Mtu aliyekuwa amezika jamaa zake miaka minne bila kuona msaada, halafu anaona magari mengi yanafika kwa ugonjwa mmoja, alikuwa na haki ya kuuliza. Na mwezi wa kumi na mbili mwaka 2018 uchaguzi ulipoahirishwa kwa Beni na Butembo, nchi nyingine ikapiga kura, mashaka yaliongezeka. Maswali yalikuwa na mizizi. Lakini maswali yalipogeuka kuwa moto, waliokosa dawa walikuwa watoto wetu.

Tukumbuke pia jambo zuri la wakati ule. Watoto wachanga ambao mama zao walikuwa ndani ya kituo walihitaji mtu wa kuwabeba. Nani angethubutu? Walithubutu wamama waliopona. Miili yao ilikuwa imeshaushinda ugonjwa, kwa hiyo waliajiriwa katika nyumba za kulelea watoto kando ya vituo, Beni na Butembo. Wanawake ambao jirani waliwaogopa ndio waliwabeba watoto wa wengine, wakawanywesha maziwa, wakawaimbia. Walikuwa na kila sababu ya kukaa na uchungu wao. Kidonda kile kile cha mshale wa kwanza ndicho kiliwapa nguvu ya kufanya kazi ambayo mtu mwingine hangeweza.

Je, hii ni kutuambia tunyamaze?

Sasa tuseme jambo ambalo tunaona ni la lazima. Wamama wa Kongo wameambiwa mara nyingi: vumilia. Vumilia mume, vumilia njaa, vumilia vita, Mungu anaona. Kama fundisho la mishale miwili linatumiwa kumfunga mama mdomo, basi afadhali tuliache.

Buddha alitoa mfano mwingine wa mshale, nao unatusaidia hapa. Mtu amepigwa mshale wenye sumu. Jamaa zake wanamleta mganga. Lakini yeye anakataa: msiutoe kwanza! Mpaka nijue nani aliyenipiga, ni wa kabila gani, ni mrefu ama mfupi, upinde wake ni wa mti gani. Buddha alisema mtu huyo atakufa kabla hajapata majibu.

Hapa kwetu kila barza ina mabishano hayo. Ni nani hasa wanaotuua? Nani anawalipa? Nani anafaidika na kakao, na mbao, na dhahabu? Ni maswali ya kweli, na siku moja lazima yajibiwe mbele ya waamuzi, na majina yatajwe. Mshale wa kwanza una mwenye kuupiga, naye ana hatia. Lakini wakati wanaume wanabishana kwenye redio, mjane wa juzi hana chumvi, na mtoto wake ana homa. Mfano unatufundisha mpango wa kazi: kwanza toa mshale, funga kidonda, zuia sumu isiende moyoni. Kisha uliza, na uulize kwa nguvu.

Mama aliyefungwa kidonda anauliza vizuri zaidi. Sumu ikimfikia moyoni, anamshika jirani yeyote na kumwita adui. Tumeona hapa Butembo na Beni jinsi hasira isiyo na macho inavyompiga mpita njia kwa sababu ya sura yake ama lugha yake. Mama aliyetulia anaweza kwenda kwa shefu wa kartie, kwa meya, kwa mwamuzi, kwa parokia, akaeleza siku, saa na mahali. Maneno yake yanabaki kwenye karatasi. Kutulia ni nguvu ya kusema. Anayetuambia kwamba kutulia ni kunyamaza, anatudanganya.

Punje za haradali

Kuna mama mmoja katika mapokeo ya Wabudha ambaye tunataka mumjue. Aliitwa Kisa Gotami. Alikuwa maskini, na alikuwa na mtoto mmoja tu wa kiume. Mtoto alipoanza kutembea, alikufa. Mama hakukubali. Alimbeba maiti kwenye kiuno, akaenda mlango kwa mlango akiomba dawa. Watu walisema amepata wazimu. Mwishoni mtu mmoja alimtuma kwa Buddha.

Buddha hakumwambia: mtoto amekufa, kubali. Hakumhubiri. Alimwambia amletee punje chache za haradali, zile ndogo ambazo sisi tunazijua kutokana na mifano ya Yesu. Aliongeza sharti moja: zitoke katika nyumba ambamo hajafa mtu yeyote.

Akaenda. Nyumba ya kwanza walikuwa na haradali, wakamletea. Akauliza: hapa hajafa mtu? Wakajibu: mama, tumemzika baba mwaka huu. Nyumba ya pili, binti. Nyumba ya tatu, mume. Mpaka jioni alikuwa amesikia hadithi za mji mzima. Kisha akaenda kumzika mtoto wake.

Tumeisoma hadithi hiyo mara nyingi, na kila mara tunafikiri juu ya Vulamba, juu ya Bulengera, juu ya Ruwenzori na Mulekera huko Beni. Kama mama mmoja angepita kwetu akiomba punje hizo, angepata nyumba gani? Wakati wa Ebola wengi hawakuweza kumwosha mtu wao wala kumvika kikwembe cha mwisho. Wazikaji walikuja na mavazi ya plastiki, wakamchukua. Ilikuwa lazima, kwa sababu maiti iliambukiza, lakini uchungu wa kutomgusa mtoto wako bado unakaa katika nyumba nyingi, na haukuwahi kupata matanga yake.

Wengine husema hadithi ya Kisa Gotami ni ya kumfariji mtu kwa kumwambia: si wewe peke yako. Hiyo ni nusu tu. Mwenzako kuwa na uchungu hakupunguzi uchungu wako. Nusu ya pili ni kwamba alipita mlango kwa mlango, na kila mlango ulifunguliwa. Asubuhi walimwita mwenda wazimu. Jioni walikuwa wamemwambia majina ya wafu wao. Alitoka peke yake, akarudi akiwa mmoja wa mji. Ndiyo sababu, wapendwa, tunaona kikundi cha wamama kina kazi kubwa kuliko kuhesabu franka za likelemba. Pale tunapoketi, mwenye jina la kutaja apate nafasi ya kulitaja.

Hata vita havikai

Mafundisho ya Wabudha yanasema hakuna kinachokaa jinsi kilivyo. Kwa mara ya kwanza maneno hayo yanatisha. Sisi tunataka vitu vikae: nyumba, mume, afya, bei ya sabuni. Lakini yana upande mwingine.

Huko Vietnam kulikuwa na mtawa aliyeitwa Thich Nhat Hanh. Katika miaka ya 1960, wakati wa vita, alianzisha shule ya vijana wa kuhudumia vijiji. Walikataa kushika upande wowote wa vita. Walikwenda kujenga upya nyumba, kufungua madarasa na vituo vya afya. Baadhi yao waliuawa. Kijiji cha Tra Loc, karibu na mpaka uliogawa Kaskazini na Kusini, kilibomolewa na mabomu. Wakakijenga. Kikabomolewa tena. Wakakijenga tena. Vijana walimwuliza kama kuna tumaini lolote kwamba vita vitaisha. Hakuona dalili yoyote, na hakutaka kuwadanganya. Aliwajibu kwamba hakuna kinachokaa milele, hata vita.

Vita vile viliisha mwaka 1975. Yeye mwenyewe alikuwa nje ya nchi yake tangu mwaka 1966, na alipewa ruhusa ya kurudi kuitembelea mwaka 2005 tu. Alikufa mwezi wa kwanza mwaka 2022, katika mji wa Hue, katika hekalu alimoingia utawa akiwa kijana.

Tunapoona wamama wanarudi kwenye kijiji kilichoungua na kuanza kufyeka majani, watu husema ni ujinga. Hawana hakika ya kuvuna, kwa nini wanapanda? Lakini wanajua kupima. Wanapanda lengalenga na maharagi, ambayo hayakawii, karibu na nyumba. Muhogo, ambao unangoja mwaka na zaidi, wanaupanda kidogo tu. Kikundi kinagawa mbegu katika mashamba mawili, moja karibu na mji, moja mbali, ili likipotea moja libaki lingine. Hawajui kesho, wanapanda mahali ambapo mkono unafika leo. Hiyo ndiyo hekima ya kutojua: kufanya kazi ya leo vizuri bila kuidai kesho itoe ahadi.

Tufanye nini juma hili?

Sisi walimu hatupendi somo lisilo na mazoezi. Tunawapa matatu.

La kwanza ni pumzi. Wabudha wana zoezi la kuangalia pumzi, na halina gharama. Darasani, baada ya usiku wa risasi, tunawaambia watoto waweke mkono juu ya tumbo, waweke miguu chini, wavute pumzi polepole na kuitoa polepole zaidi, mara tano. Baada ya hapo wanaweza kushika kalamu. Mama anaweza kufanya vile vile kando ya mbabula, kabla ya kujibu neno la mtoto ama la mume. Pumzi haizuii risasi. Mlio ukiwa karibu, lala chini ama kimbia na watoto, hiyo ndiyo hekima ya saa ile. Pumzi ni ya saa zile nyingi ambazo risasi hazipo na sisi bado tunatetemeka.

La pili ni simu. Buddha aliwafundisha wafuasi wake kupima neno kabla ya kulitoa: ni la kweli? lina faida? ni wakati wake? linasemwa kwa upole na kwa moyo mzuri? Tunapendekeza kila kikundi kichague wamama wawili wa kuhakikisha habari. Habari ikifika, haipelekwi mbele mpaka mmoja wao ameita mtu aliyeko mahali penyewe, ama shefu, ama mkubwa wa nyumba kumi. Na kila mzazi akubaliane na mwalimu mapema: nani anaruhusiwa kumchukua mtoto, na kwa mlango gani. Makubaliano ya dakika tano leo yanaweza kumwokoa mtoto siku ya makelele.

La tatu ni mlango. Juma hili kila mmoja wetu agonge mlango mmoja ambao hajawahi kuugonga: jamaa ya deplase, mjane, mtu aliyepona Ebola ambaye bado anakaa peke yake. Ukiwa na kikombe cha maharagi, nenda nacho. Ukiwa huna kitu, nenda na dakika ishirini za kusikiliza. Usimwambie avumilie. Mwulize jina la mtu wake.

Na kama mmoja wetu halali majuma mengi, hali, anasikia sauti, ama anasema afadhali nife, msimwachie pumzi na maneno mazuri tu. Mshike mkono, mwende naye kituo cha afya, mwombe mshauri wa mambo ya moyo. Huo nao ni mshale wa kutolewa na mganga, na si haya.

Maswali ya kuzungumzia katika kikundi

1. Ni mshale gani wa pili unaotupiga zaidi katika kartie yetu? Nani anaurusha, nasi tunaurudishaje?

2. Ni habari gani ya uongo iliyotukimbiza mwaka huu? Nani angeweza kuihakikisha, na tungempigiaje?

3. Kisa Gotami akipita leo katika avenyu yetu, ni nyumba ipi ambayo ingemfungia mlango? Tunaweza kufanya nini ili imfungulie?

Kiongozi wa kikundi aandike majibu kwenye kaye ya mkutano. Yale ambayo mtakubali yasomwe kwa sauti, tutumieni kabla ya siku ya posho, tutayaweka hapa bila majina, ili wamama wa Beni wasome ya Butembo, na wa Butembo wasome ya Beni. Kati ya miji yetu miwili kuna kilomita zaidi kidogo ya hamsini. Siku barabara inapofungwa, maneno yetu yapite.

Mungu awalinde ninyi na watoto wenu. Tutaonana juma lijalo.